Bahari inakula kiwanja cha marehemu baba. Tumwambie mnunuzi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu, naishi Pasua hapa Moshi. Baba yetu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge wilayani Pangani, na mwaka 1996 akajenga nyumba ufukweni, kaskazini mwa mji. Sasa ni marehemu. Tumebaki watoto wanne, na mahakama ikaniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuna kati yetu anayeweza kuhamia Pangani. Mama yuko kihambani Kibosho, ana kisukari, na nyumba anayokaa inavuja. Tulikubaliana wote tuuze ya Pangani tumjengee mama.

Mnunuzi amepatikana. Ni mama mmoja wa Njiro, Arusha, amestaafu na mafao yake yametoka. Tumefahamiana kupitia harusi ya mdogo wangu. Anataka kukaa kwenye nyumba ile, na mbele, upande wa bahari, ajenge vibanda vya wageni vimpe kipato cha uzeeni. Tumepatana shilingi milioni 120 na ameshatoa kishika uchumba cha milioni tano.

Tatizo ni ripoti ya mpima. Nilimwita ahakiki mipaka kabla hatujauza. Bikoni moja ya upande wa bahari haipo, imekwenda na maji. Daftari la baba linaonyesha kwamba alipojenga, kutoka baraza la mbele hadi ukingo wa ufukwe palikuwa na mita 85. Mpima amepata 52. Kutoka barazani kurudi nyuma hadi barabarani ni mita 90. Yote ameyaandika, na ukurasa wa mwisho akaongeza kwamba ukingo unaendelea kuliwa. Mzee anayetutunzia nyumba anasema minazi ya mbele imeshaanguka, na iliyobaki mizizi iko nje.

Kaka yangu mkubwa anataka ukurasa huo tuutoe. Anasema bahari ilikuwepo tangu Adamu, na huyo mama ana macho yake. Yeye ndiye aliyempeleka kuona nyumba, saa nne asubuhi, maji yametoka mbali na ufukwe ni mpana kama uwanja. Dalali naye anasema neno la bahari likishatoka nyumba haiuziki tena, na majirani watatulaumu kwa kushusha bei ya pwani nzima. Ushauri wake ni tujenge ukuta wa mawe mbele ya nyumba ili mnunuzi aone pako imara.

Sitaki kugombana na kaka, na sitaki mama alale tena chini ya bati linalovuja. Lakini huyo mama wa Njiro nikimpigia simu ananiita mwanangu. Je, ni kweli tukisema bei itaanguka? Na tukinyamaza, kuna kosa gani kama mwenyewe ameshaona? Kishika uchumba nacho tukifanyeje?

Msimamizi, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa baba.

Mpe huyo mama ripoti nzima, na ukurasa wa mwisho ukiwemo, kabla hajalipa shilingi nyingine. Nalisema mapema usije ukadhani maelezo yatakayofuata yananielekeza kwingine. Ila swali lako la bei ni la haki kabisa, na dalali wako amekujibu kwa uhakika ambao hana. Tuanze na hilo.

Hofu ya dalali iliwahi kupimwa mahali. Mwaka 2012, huko Kapiti, pwani iliyo karibu na Wellington nchini New Zealand, halmashauri ilichora mistari kuonyesha bahari inaweza kufika wapi ndani ya miaka 50 na ndani ya miaka 100. Mistari hiyo ikaingizwa kwenye taarifa ambayo mnunuzi wa kule huiomba halmashauri kabla ya kununua nyumba. Nyumba zipatazo 1,800 zikawa ndani ya mistari. Wenye nyumba walipiga kelele zile zile za dalali wako: mmetuua, nani atanunua tena? Wakaenda mahakamani, na kufikia 2014 mistari ikawa imeondolewa. Baadaye wachumi wakachukua bei za mauzo ya kabla, ya wakati mistari ipo, na ya baada ya kuondolewa, wakazilinganisha na za nyumba zilizokuwa nje ya mistari. Hawakuona tofauti ya maana. Watu waliendelea kununua kwa bei zile zile, taarifa wakiwa nayo mkononi.

Marekani wamepata majibu yanayopishana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha nyumba zinazofanana, zilizo umbali uleule kutoka ufukweni, tofauti ikiwa ni kwamba hii itafikiwa na maji bahari ikipanda na ile haitafikiwa. Zile za hatarini zilikuwa zinauzwa pungufu kwa asilimia 7 hivi. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakapima kwa njia nyingine, hawakuona punguzo lolote la kueleweka. Na wengine wakaona kwamba punguzo linategemea majirani wanaamini nini: kwenye mitaa ambako watu wengi wanaamini tabianchi inabadilika, nyumba za hatarini zina bei ya chini kuliko mitaa ambako wengi hawaamini. Bahari ni ileile, bei mbili.

Nimeyatafakari sana matokeo haya, na ninavyoyasoma mimi yanasema jambo moja kubwa: bei ya nyumba ya pwani inaeleza wanunuzi wanaamini nini, haielezi maji yako wapi. Ndiyo maana usikubali mtu akwambie kwamba kwa kuwa milioni 120 imekubaliwa, basi kiwanja ni salama. Imekubaliwa na mtu ambaye hajasoma ukurasa wa mwisho.

Sasa, hesabu ya asilimia 7 kwa milioni 120 ni milioni 8.4. Inauma, lakini nyumba ya mama inajengeka bado. Hata hivyo sitakudanganya kwamba kwenu punguzo litaishia hapo. Nyumba zile za Marekani nyingi zitafikiwa na maji miongo mingi ijayo, na hao wa Kapiti walikuwa wanatazama mstari kwenye karatasi. Ninyi mmeshapoteza mita 33 tangu 1996. Ni zaidi kidogo ya mita moja kila mwaka. Mnunuzi mwenye akili ataomba apunguziwe zaidi ya asilimia 7, na atakuwa na haki.

Usigawanye pia 52 kwa moja ukasema nyumba ina miaka 50. Ufukwe hauliwi kwa kipimo sawa kila mwaka. Unaweza kukaa kimya miaka kadhaa, halafu bamvu moja, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, likutane na mawimbi ya kusi, asubuhi mkute mita tano hazipo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini. Kwenu hakikupiga, lakini pwani yetu imeshaonyeshwa kwamba vimbunga navyo huwa vinafika. Na bahari yenyewe inapanda: jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti yake ya 2021, lilisema kati ya 2006 na 2018 usawa wa bahari duniani ulikuwa unapanda milimita 3.7 kwa mwaka. Utaona hapo kwamba milimita hazitoshi peke yake kueleza mita mnazopoteza. Kuna mchanga unaochimbwa ufukweni na kwenye mito, kuna miamba ya matumbawe iliyovunjwa na baruti za wavuvi, na matumbawe ndiyo yanayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Pangani wenyewe wana ushahidi wa karibu kuliko wangu. Mwulize mzee anayewatunzia nyumba habari za kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na miti, kasa walikuwa wanataga mayai pale. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 miti ikaisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa.

Hilo la kupwa linanirudisha kwa kaka yako. Pwani yetu siku za bamvu, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa sana kuanzia alfajiri na tena alasiri, na katikati, kama saa nne asubuhi, yanakuwa yametoka mbali kabisa. Sisemi kaka yako alipanga saa hiyo kwa makusudi. Nasema huyo mama wa Njiro aliiona bahari ikiwa haipo. Kusema ana macho yake si kweli kama macho hayo yaliletwa saa ambayo hakuna cha kuona.

Fikiria tunavyonunua viwanja huku kwetu. Mvua za Aprili 2024 zilipofurika Moshi na Arusha, mtaa mzima ulijua ni nyumba zipi za kando ya mto ziliingiliwa na maji. Mgeni akija kiangazi kuangalia kiwanja karibu na mto Rau, dalali anaweza kumficha, lakini muuza genge atamwambia, bodaboda atamwambia, alama ya tope ukutani itamwambia. Taarifa inatembea hata asiyetaka iwepo. Mama wa Njiro hana muuza genge Pangani. Hana jirani, hajui bamvu ni nini, na hakuna taarifa ya halmashauri kama ile ya Kapiti itakayomjia na mistari imechorwa. Anachokijua kuhusu ile pwani ni kile mlichomwambia ninyi. Ndiyo maana uzito wa ukurasa mmoja ni mkubwa hivi, na ndiyo maana siwezi kukubali hoja ya kaka yako hata nikiisikiliza kwa upole wote.

Isitoshe, wenzetu wale wana ngazi nyingine zinazomlinda mnunuzi. Marekani, nyumba ikiwa ndani ya eneo la mafuriko kwenye ramani ya serikali, benki inayosimamiwa na serikali kuu haitoi mkopo bila bima ya mafuriko, na bima hiyo inalipwa kila mwaka. Hata mnunuzi asiyesoma chochote, ile ada ya bima inamwambia. Mama wa Njiro analipa taslimu, kwa mafao ya maisha yake yote ya kazi. Hakuna benki itakayouliza, hakuna kampuni ya bima itakayokataa. Mtu wa mwisho kati yake na hasara ni wewe.

Kuna jambo ambalo barua yako imelipita bila kuligusa, na kwangu ndilo zito kuliko bei. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaihesabu ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ufukwe kuwa miongoni mwa ardhi hatarishi. Baba yenu alijenga kwenye mita 85, mbali na mpaka huo. Nyumba haikusogea, bahari ndiyo iliyosogea, na leo baraza liko mita 52. Sasa vile vibanda vya wageni mbele ya nyumba vitajengwa wapi? Kipande chote cha mbele kimo ndani ya 60. Huyo mama anaweza kulipa milioni 120, akaenda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, akanyimwa siku hiyo hiyo, hata bahari isipotikisika miaka ishirini. Mipango yake ya uzeeni iko juu ya eneo lisilojengeka.

Na hapo hapo ndipo penye unafuu wenu, kwa hiyo soma vizuri. Ukihesabu mita 60 kutoka ukingoni, mstari unapita mita nane nyuma ya baraza la mbele, yaani katikati ya nyumba. Kutoka hapo hadi barabarani bado kuna mita zaidi ya 80. Hicho ni kiwanja kizuri. Msiuze nyumba inayotazama bahari, uzeni ardhi ya nyuma yenye barabara, pamoja na nyumba ambayo itatumika kwa miaka itakayojaliwa. Mrudishie mpima kazi achore mstari wa mita 60 kwenye mchoro wake, aonyeshe bikoni iliyopotea, na apige hesabu ya eneo lililobaki kwa sababu hati yenu inasema eneo ambalo sehemu yake sasa ni maji. Kisha mtafute mthamini aliyesajiliwa atoe bei ya kile kilichopo. Mchoro huo mpelekeeni na afisa ardhi wa wilaya awaambie wazi nini kinaruhusiwa mbele na nini nyuma. Huyo mama akiona kwamba vibanda vyake vinaweza kukaa nyuma, kwenye upepo uleule wa bahari, huenda asikimbie kabisa. Huenda akasema milioni 95. Huenda akasema 100. Hapo ndipo mtakapojadiliana kama watu wanaotazama kitu kimoja.

Ukuta wa mawe usijengwe. Serikali imejenga ukuta mjini Pangani, na ile ni kazi ya wahandisi, yenye vipimo na fedha za umma. Ukuta wa mtu mmoja mbele ya nyumba yake wimbi huupiga, likarudi na mchanga wa chini, na nguvu inayobaki inahamia pembeni kwa jirani. Utakuwa umemla jirani kiwanja chake, tena bila kibali. Na ukuta uliojengwa ili mnunuzi aone pako imara, wakati mwenyewe unajua hapako imara, ni uongo uliojengwa kwa saruji.

Kuhusu kunyamaza, nenda kwa wakili akueleze vizuri, mimi nakupa ninavyoijua. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kila ukimya ni ulaghai. Kaka yako anaweza kushikilia hapo. Lakini inasema kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni ulaghai, na mkataba uliopatikana kwa ulaghai aliyelaghaiwa anaweza kuubatilisha. Kukaa bila kusema ni jambo moja, na kunyofoa ukurasa kutoka kwenye ripoti ni jambo jingine. Wakili wa upande wenu atajitetea kwamba mnunuzi angeweza kugundua mwenyewe kama angekuwa makini. Lakini nakala ya mpima itakuwa imebaki ofisini kwake, ikiwa na kurasa zote. Na atakayeitwa si kaka. Ni msimamizi wa mirathi, ambaye saini yake iko kwenye mkataba wa mauzo. Wakati huo nyumba ya mama Kibosho itakuwa imeshaezekwa kwa fedha zinazodaiwa.

Ongea na kaka yako kwanza, tena uso kwa uso na si kwenye kundi la familia la simu. Ni mkubwa wako, usimvunjie heshima mbele ya wadogo. Mpelekee hesabu: mita 33, mstari wa 60, saini ya nani. Nadhani wasiwasi wake mkubwa ni mama, kama wewe, na mtu mwenye wasiwasi wa namna hiyo husikia hesabu kuliko mawaidha. Mwambie mtaanza na bati la mama kwa kile kitakachopatikana, hata kama vyumba vya ziada vitasubiri. Akikataa bado, wewe ndiye msimamizi, na mahakama ilikupa kazi hiyo ili uifanye kwa uaminifu hata ndugu wakinuna.

Kisha mpigie simu mama wa Njiro. Usimwandikie ujumbe. Mwambie: shikamoo mama, mpima ameniletea jambo ambalo lazima ulijue kabla hatujaendelea, nakutumia ripoti yote, na ningependa uende tena Pangani siku ya bamvu, alasiri maji yakiwa yamejaa, uende na mtu wako unayemwamini. Asipotaka tena, ni haki yake. Mkijaliwa mnunuzi mwingine, naye apewe ripoti hiyo hiyo tangu siku ya kwanza, kabla ya kutaja bei.

Majirani watakaolaumu waambie ukweli kwamba bei zao hazikushushwa na ripoti yako. Mngeshirikiana badala yake kwenda halmashauri kwa pamoja kuuliza nani anachota mchanga ufukweni, ingekuwa faida kwa wote.

Kishika uchumba kikae benki kisiguswe hadi huyo mama asome na aamue. Akijitoa, arudishiwe milioni tano zote, bila kukata nauli ya kaka wala posho ya dalali. Kama kuna mtu ameshachukua chochote humo kwa ada au kwa dawa za mama, ijazeni kwanza, ndipo umpigie simu.